Kura ya Mwalimu Leida

Mwalimu Leida Kuusk alikutwa saunani, kwenye chumba cha kuogea mvuke, amejikunja nyuma ya mlango kama mtu anayesubiri kufunguliwa. Alikuwa amekufa tangu jioni ya jana yake.

Inspekta Tiiu Raudsik alifika Jumamosi asubuhi, barafu ikiwa bado imetanda kwenye ghuba ya Haapsalu. Alisimama kidogo kwenye lango la nyumba ya wazee ya Pihlaka. Shangazi yake Helju, aliyemlea baada ya mama yake kufariki, alikuwa akiishi humo.

Msimamizi wa nyumba, Merle Oja, macho yamemvimba kwa kulia, alieleza kwamba moyo wa marehemu ulikuwa mbovu na kwamba alikuwa mkaidi. Wazee walikatazwa kuingia saunani peke yao, yeye akaingia. Bila shaka joto lilimzidi.

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakubisha. Aliinua tu mikono ya marehemu. Ngumi zilikuwa zimechubuka, na vibanzi vya mbao vilikuwa vimezama chini ya kucha.

"Mlango huu hauna kufuli," alisema Tiiu.

"Hauna," alijibu daktari. "Hebu tazama kwa nje."

Kwenye kishikio cha nje kulikuwa na mikwaruzo mipya. Mtu alikuwa amepitisha mpini wa fagio hapo, akaukaza dhidi ya fremu.

Tiiu aliwahoji wazee mmoja mmoja. Hakuna aliyesikia kitu. Walijibu kwa sauti za chini, na kila mmoja, kabla ya kufungua kinywa, aliutazama kwanza mlango wa ofisi ya Merle. Shangazi Helju naye alisema alikuwa amelala mapema.

"Shangazi, chukua koti lako, twende kwangu. Humu si salama."

"Siendi. Nikishatoka humu, nitarudi wapi?"

"Unamwogopa nani?"

Bibi alifumba macho, akageukia ukuta.

Kwenye simu ya marehemu Tiiu alikuta ujumbe wa serikali uliotumwa Jumatano: kura yako ya mtandao imepokelewa, asante kwa kushiriki uchaguzi. Mpishi wa nyumba hiyo, ambaye ndiye aliyeikuta maiti, alikumbuka jinsi Mwalimu alivyousoma ujumbe huo mezani kwa sauti. Mwalimu alisema hajapiga kura yoyote, kwamba maisha yake yote amepiga kwa karatasi, na kwamba Jumapili angekwenda mwenyewe kituoni, kisha apitie polisi.

Tiiu alimpigia simu Indrek Saarik, mkaguzi wa kura za mtandao huko Tallinn.

"Nataka kujua kura ya Leida Kuusk ilikwenda kwa nani."

"Hilo hata mimi siwezi kulijua, Inspekta. Kura ni kama bahasha ndani ya bahasha. Ya nje ina saini ya mpiga kura, ya ndani ina chaguo lake. Kabla ya kuhesabu tunaivua ya nje na kuiweka kando. Anayefungua ya ndani haoni jina."

"Sasa wewe unakagua nini?"

"Kwamba zilizoingia ndizo zilizohesabiwa, hakuna iliyoongezwa wala kupotea. Na ile ya nje inasema mengi. Inasema lini na kutoka wapi." Vidole vyake vilisikika kwenye kibodi. "Kura za Pihlaka zimetoka kwenye kompyuta moja. Nyumba nzima, mfululizo, mchana wa Jumatano. Huyo mtu hata hakupumzika kunywa maji."

Jumatano mchana wazee wote walikuwa kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya.

"Zinaweza kufutwa?"

"Aliye hai aende Jumapili apige kwa karatasi. Karatasi inaifuta ile ya mtandao. Marehemu hawezi kwenda. Yake wataiamua mahakimu."

Tiiu alikata simu. Ili mtu apige kura kwa jina lako anahitaji kadi yako ya kitambulisho na namba yako ya siri. Pale Pihlaka kadi zote zilikaa kwenye droo ya msimamizi, kwa ajili ya kuchukulia dawa, na kila moja ilibandikwa namba zake kwa nyuma.

Merle alihojiwa kituo cha polisi mchana huohuo.

"Kadi zinakaa wapi?"

"Ofisini."

"Ufunguo wa droo?"

"Ninao mimi."

"Jumatano ulikwenda kanisani?"

"Nilibaki. Kulikuwa na kazi."

"Kazi ya kumpigia kura Leida Kuusk?"

Merle aliinamisha kichwa.

"Ulilipwa na nani?"

Hapo ndipo alipoinua kichwa. "Hata senti moja sijapokea. Wewe unajua kwamba nyumba ile inafungwa majira ya joto? Wazee watatawanywa, huyu Tartu, yule Narva, kama mbwa wa kugawiwa. Mgombea mmoja tu ndiye aliyeahidi kulizuia hilo. Mmoja. Nikasema, hawa wazee nusu yao hawakumbuki hata siku. Nikawachagulia."

"Na Leida?"

"Nilimsihi. Nikampigia magoti, mimi na unene huu. Akasema kura iliyoibwa ni kura iliyoibwa, hata mwizi awe na huruma." Alijifuta pua kwa kiganja. "Alipoingia saunani nikaukaza mlango kwa fagio. Nilitaka tu kumtisha. Akae mle kidogo aone hofu anayotutia sote. Kisha nikawaza, nikimfungulia sasa atasema na hili pia. Nikaogopa. Kila nilipousogelea mlango niliogopa zaidi."

"Alikuwa anapiga kelele?"

Merle alimtazama kwa mshangao, karibu kwa huruma.

"Inspekta, sauna imepakana na ukumbi wanakokaa wazee jioni."

Jumapili Tiiu alimpeleka shangazi yake kwa gari hadi shule iliyokuwa kituo cha kura. Alizima injini. Hakuna aliyeshuka.

"Hukuwa umelala," alisema Tiiu.

Helju alikuwa amevaa kofia yake nzuri ya sufu. Alijibu akitazama mbele, kwenye theluji.

"Tulikuwa ukumbini sote. Merle alitupitia, akasema Leida anataka kutufungia nyumba. Hakusema zaidi. Halafu tukasikia anagonga."

"Hakuna aliyekwenda?"

"Kila mtu alimngoja mwenziwe. Aliita majina yetu, Tiiu. Alianza na langu."

Tiiu aliushika usukani kwa mikono miwili. "Ukafanya nini?"

"Niliongeza sauti ya televisheni."

Watu walipita kando ya gari wakielekea shuleni, wengine na watoto, wengine na mbwa. Mmoja aliwapungia mkono.

"Utanikamata?" aliuliza bibi. Sauti ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyevunja chombo.

Tiiu alishuka, akazunguka, akamfungulia mlango. Alimpa mkono asiteleze kwenye barafu.

"Kapige kura yako kwanza, shangazi," alisema. "Halafu twende kituo cha polisi."