Bega la Hermani

Asubuhi za Maretadu huanza bila milima. Ukungu hushuka usiku, ukafunika mashamba ya mahindi na maharage, na mtu akitoka nje huona zizi lake tu, tena kwa shida. Hermani aliupenda ukungu huo. Alikamua ng'ombe wake wawili, akanywa uji karibu na moto, na hakulazimika kuzungumza na mtu. Mkewe, Scolastica, alikuwa amefariki mwaka uliopita, wakati wa masika.

Ilikuwa miaka ya Mwingereza. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, lakini gari lilikuwa bado halijafika Maretadu. Mgonjwa akizidiwa alibebwa kwa machela mpaka zahanati ya Dongobesh. Machela ilikuwa miti miwili mirefu na ngozi ya ng'ombe iliyofungwa katikati. Wabebaji walikuwa wanne. Kiongozi wao alikuwa Tomaso, fundi wa kuezeka nyumba, mtu wa maneno mengi. Wa pili alikuwa Gidamis, mfugaji aliyehamia kutoka Hirbadaw, mrefu kupita wote. Wa tatu alikuwa Julius, kijana aliyeoa juzijuzi. Wa nne alikuwa Hermani.

Watu hao walikuwa na mwiko wao, na sijui nani aliutunga. Anayebeba mgonjwa hasemi amechoka. Ukisema umechoka, walidai, mgonjwa naye atachoka kuishi. Basi walibeba kimya, meno yameumana, jasho likiwaingia machoni. Njiani hukuisikia sauti ya Tomaso, na hilo peke yake lilikuwa ajabu.

Hermani aliwashinda wote kwa kunyamaza. Alishika mti wa mbele, upande wa kulia, bega lile lile kila safari. Na wakati wa kurudi, machela ikiwa tupu, aliibeba peke yake mpaka nyumbani. Wenzake walimsifu kwamba ni chuma. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Siri yake ilikuwa hii. Aliyebeba mbele hamwoni mgonjwa. Husikia pumzi tu nyuma yake, na miguu ya wenzake ikipiga ardhi pamoja. Katika ukungu, Hermani akitembea, ilimjia kila mara kwamba aliyelala pale ni Scolastica. Alimsikia akipumua. Aliona kwamba safari hii watafika mapema. Mtu aliye ndotoni atasemaje kwamba amechoka?

Siku moja walimbeba mzee Gidahosh, aliyevunjwa mguu na fahali wake. Walipofika kwenye kijito, karibu kabisa na Dongobesh, goti la Hermani lilikunjika. Machela ikainama, na mzee akateleza mpaka kwenye tope.

"Nimekuja na mguu mmoja mbovu," mzee akasema alipopata pumzi. "Kama mlitaka na wa pili, mngeniambia mapema."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Walimfuta tope, wakamfikisha. Dresa wa zahanati, yaani mtibu wa vidonda, alikuwa mzee Bashiri, mtu wa mji huohuo wa Dongobesh, ambaye ndugu zake walikuwa na duka. Alimfunga mzee Gidahosh vibao mguuni. Alipomaliza alimtazama Hermani, aliyekuwa amekaa pembeni na blanketi begani ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo mzee," Hermani akasema.

"Marahaba. Vua hilo blanketi."

Shati lilikuwa limeganda kwenye nyama. Bashiri alililowesha kwa maji ya vuguvugu, akalibandua polepole. Chini yake palikuwa na kidonda kikubwa, kilichopona na kuchubuka tena mara nyingi. Julius aligeuza uso.

Bashiri aliuliza kidonda kile kina muda gani. Hermani akajibu kwamba tangu masika ya mwaka jana. Kisha maneno yakamtoka mwenyewe, mbele ya wenzake. Alisema kwamba siku ile walipombeba Scolastica, aliyekuwa na mimba, yeye aliteleza kwenye kijito kilekile. Walisimama, wakamtua. Walipofika, mkewe aliishi kidogo tu, akafa.

"Bega langu ndilo lililomuua," alisema.

Bashiri alikaa chini karibu naye. "Nilimpokea mimi, kwa hiyo nisikilize. Mkeo alianza kutoka damu usiku. Nyinyi mlingoja mvua ikatike mpaka adhuhuri. Mwanamke mwenye mimba akitoka damu, hangoji mvua wala jua. Mlikosea pale, na mlikosea wote, kwa sababu hamkujua. Lakini kule kuteleza kulichukua muda wa kuvuta pumzi tu. Hakukuua mtu."

Hermani alilia. Gidamis, ambaye kwao mwanaume halii mbele ya watu, alikuja akakaa upande wa bega zima, akawa amemwegemea tu.

Bashiri alisafisha kidonda, akakifunga kitambaa cheupe. Kisha akawageukia wote. Alikuwa amebeba machela huko Burma, wakati wa vita, na aliwaeleza walivyofanya. Wabebaji wanne hawatoshi kwa safari ndefu. Wawe wanane, wanne wakibeba, wanne wakitembea na mabega yao yakipumzika. Wanaoshika mbele wawe wa kimo kimoja, ili mgonjwa asilale upande. Begani iwekwe nguo iliyokunjwa. Na kila hatua mia mbili wabadilishane, hata kama hakuna aliyechoka.

"Na akichoka kabla ya hapo?" aliuliza Julius.

"Anasema neno moja. Bega. Mwenzake anaingia chini ya mti, hakuna swali."

Tomaso alimkumbusha juu ya mwiko wao.

"Mwiko huo tupeni," Bashiri akasema. "Mgonjwa hafi kwa sababu umesema umechoka. Huumia ukificha, kisha ukaanguka naye, kama leo. Na jambo la mwisho. Mkishamfikisha mgonjwa, msitawanyike. Kaeni, mnywe kitu, kila mmoja aseme kinachomuuma. Mzigo wa rohoni nao una miti miwili. Mtu mmoja hauwezi."

Basi Tomaso akapata kazi inayomfaa, maana kuzunguka nyumba kwa nyumba akitafuta watu wanne wa kuongeza kulihitaji mdomo. Jioni walifanya mazoezi kwenye njia ya malisho, mtoto wa Tomaso akiwa mgonjwa, mgonjwa mnene mwenye kucheka. Gidamis hakupata mtu wa kimo chake katika Maretadu nzima, wakampa kazi ya kutembea kando ya machela na kuzungumza na mgonjwa, na kushika pale tu anapohitajika. Kidonda cha Hermani kilifunga taratibu. Lakini neno lile, bega, hakulisema hata mara moja. Alingoja hatua mia mbili zitimie, akabadilishwa pamoja na wengine. Na machela tupu aliendelea kuirudisha peke yake.

Masika yakaja tena. Alfajiri moja Julius alipiga hodi kwa Hermani, maji yakimtiririka usoni. Mkewe Tekla, mwenye mimba, ameanza kutoka damu. Mvua ilikuwa kubwa, na kuna mzee aliyeshauri wangoje ikatike.

"Hatungoji," Hermani akasema, na alikuwa ameshaichukua machela.

Watu wanane walitoka kabla ya mapambazuko. Ukungu na mvua vilikuwa kitu kimoja, njia haikuonekana, walikuwa kama wanatembea ndani ya maziwa. Hermani alikuwa mbele kulia, Julius mbele kushoto. Hatua mia mbili zilipotimia watatu walibadilishwa, Julius akakataa. Mia mbili nyingine, akakataa tena. Alisema ni mke wake, na meno yake yalikuwa yameumana.

Hermani alimtazama akajiona mwenyewe. Alijua kwamba baada ya muda kidogo goti la kijana lingekunjika, na kijito kilikuwa mbele. Alijua pia kwamba Julius bado anauogopa ule mwiko, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa anauogopa. Hatua mia mbili zilikuwa bado, na nyuma yake pumzi za Scolastica zilikuwa zimeanza.

Akafungua mdomo. "Nimechoka," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Bega."

Tomaso akasimama. Wengine wakasimama naye, machela ikiwa bado mabegani. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka kwenye ngozi ya machela, ndogo lakini kavu.

"Basi badilishaneni," alisema Tekla. "Mimi bado nipo."

Haikuwa sauti ya Scolastica. Ilikuwa ya Tekla, mzima, mwenye hasira kidogo. Mtu mmoja akaingia chini ya mti wa Hermani. Hermani akazunguka mpaka kwa Julius, akaweka bega lake karibu na la kijana.

"Mimi sikulitoa langu mwaka mzima," alimwambia. "Lete hilo. Nenda ukamshike mkono."

Julius akalitoa. Alitembea kando ya mkewe akimshika mkono, akilia waziwazi, na Gidamis akimkinga mvua kwa blanketi lake jekundu. Kijito walikivuka kwa hatua moja moja, bila kuteleza.

Walifika mapema, zahanati ndiyo kwanza imefunguliwa. Mkunga na mzee Bashiri waliingia na Tekla. Wabebaji walikaa barazani wakanywa uji, na kila mmoja alisema kinachomuuma. Mmoja alisema shingo. Tomaso alisema hofu, kisha akaieleza kwa muda mrefu. Alikuwa bado anaieleza mtoto alipolia ndani. Baadaye Bashiri alitoka akasema mama amesalimika, damu imesimama, atakaa hapo siku saba na mumewe. Kisha akaongeza kwamba wangengoja mvua, angekuwa na maneno mengine ya kuwaambia.

Mchana mvua ikakatika, wakaanza kurudi. Hermani aliichukua machela tupu kama kawaida. Walipita kijito, wakapanda mlima. Ukungu ulikuwa unainuka kwenye mashamba ya maharage, na milima ilikuwa inarudi mmoja mmoja.

"Bega," akasema Hermani.

Wote wakageuka. Machela tupu haina uzito, hata mtoto huibeba. Lakini hakuna aliyecheka wala aliyeuliza. Gidamis alikuja na miguu yake mirefu, akaitoa begani kwa Hermani taratibu, akatangulia nayo.

Hermani akatembea mikono mitupu mpaka nyumbani.