Aliyemwigiza Agnetha

Mikono ya Agnetha ndiyo iliyotangulia kuharibika. Alikuwa ameketi uani, nyumbani kwao Ihembe, akimenya ndizi za mchana, na mume wake Cleophace yuko mlangoni na simu, akisikiliza majibu ya wenzake wa kundi la wapenzi wa filamu. Alipoinua macho alimwona mkewe amemaliza ganda na hakuacha. Kisu kilipita juu ya ndizi yenyewe, kikapita tena, taratibu, vipande vyembamba vikidondoka juu ya maganda, mpaka mkononi hakukubaki kitu, na bado kisu kikawa kinapita hewani, karibu na kidole.

Cleophace akacheka, kwa sababu alidhani anajua anachokiona.

Alikuwa mkulima wa kahawa kama majirani zake, ila kilichomfanya ajulikane mpaka Kayanga ni maoni yake juu ya filamu. Kila aliyoitazama kwenye televisheni yake ya sola aliitolea ujumbe wa sauti kwenye lile kundi, na watu waliungoja. Hakuwa na maneno makubwa. Juu ya filamu ya majambazi aliyoletewa kwenye flashi kutoka Murongo alisema mapigano ni mazuri, tatizo ni yule mkubwa wao, anakufa kama mtu anayetafuta mahali pasafi pa kulala. Juu ya ile ya muuguzi alisema yule dada ndiye mwigizaji wa kweli kwa kuwa anasikiliza, wengine wote wanangoja zamu yao ya kusema. Agnetha alikuwa akikaa pembeni yake, akicheka, akimbishia. Naye kuigiza alikujua. Mchezo wa Krismasi kanisani kwao haukwenda bila yeye.

Jana yake jioni walikuwa wametazama filamu ya mwanamke aliyepandwa na jini. Mwigizaji alinguruma kwa sauti ya kiume, akajibamiza ukutani, akatoa ulimi. Cleophace hakungoja hata iishe, akashika simu. "Jini gani huyo wa kutapatapa kama kuku aliyechinjwa?" alisema. "Mimi ningemwelekeza aanze na mikono. Mikono isahau kuacha. Kisha macho, asipepese. Kisha sauti, tena sauti yake mwenyewe, ila isiyovuta pumzi. Huyo ndiye ungemwogopa ukiwa naye nyumbani." Alipomaliza kutuma, alisikia harufu ya kahawa inayoungua. Alimwuliza Agnetha kama ameacha kitu motoni. Agnetha akajibu kwamba moto umezimwa kitambo, labda ni kwa jirani.

Kwa hiyo alipokiona kile kisu alijua mkewe anamtania, anamfuatishia maelekezo yake. Akampigia makofi. "Hapo umecheza, Mama Ainebyona," alisema. "Endelea hivyo hivyo."

Akaendelea.

Siku zilizofuata yakaja macho. Cleophace alirudi shambani saa ya jua kali akamkuta mkewe amesimama katikati ya migomba, uso juu, na inzi anatembea kwenye mboni ya jicho lake, anakwenda mpaka kona, anageuka, anarudi, na kope hazikutikisika. Alimwita. Alimgusa bega, na bega lilikuwa na joto la kawaida, na ile harufu ya kahawa inayoungua ilikuwa imemzunguka kama vile inatoka kwenye nywele zake. Alimwambia basi, imetosha, amekubali kwamba anajua kuigiza. Inzi akaendelea kutembea. Na jioni, walipoketi kula na Cleophace akamwomba abariki chakula, alianza kusali kwa sauti yake ileile nyororo, akamshukuru Mungu kwa chakula na kwa mvua na kwa mtoto wao aliye shuleni na kwa ng'ombe na kwa jirani na kwa jirani wa jirani, neno likikanyaga neno, bila kituo, bila kifua kupanda wala kushuka, mpaka chakula kikapoa na Cleophace akajikuta yeye ndiye anayevuta pumzi kwa nguvu, kama mtu anayemvutia mwenzake, na bado sala ikawa inakwenda.

Alikimbilia kwa jirani yake, Leonadi, akamweleza yote. Leonadi alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia wao wawili na filamu zao watakuja kuua mtu kwa hofu. Cleophace alimsihi aje aone mwenyewe. Wakaja, wakamkuta Agnetha anaosha vyombo. Alimkaribisha jirani, akamwulizia watoto, akapepesa macho, akavuta pumzi. Leonadi alipoondoka tu, mikono ikabaki kwenye sahani moja, inazunguka, inazunguka.

Agnetha alikonda. Alikuwa hali chakula mpaka kuwe na mgeni wa kumwona akila. Mwishowe Cleophace alimwita mama mkwe wake, Mzee Kokugonza, na yule mama alipokaa na mwanawe mchana mmoja tu na kuona alivyokonda, akaagiza Mchungaji aitwe pamoja na akina mama wa maombi.

Walikuja alasiri ya mvua. Waliimba, wakaweka mikono, Mchungaji Tumwesigye akaamuru kilichomo kitoke. Ndipo Agnetha akanguruma kwa sauti ya kiume. Akajibamiza ukutani, akatoa ulimi, akatapatapa sakafuni. Akina mama walipaza sauti, Mzee Kokugonza akalia, na Cleophace, aliyesimama mlangoni, aliijua ile sauti, na ule ulimi, na hata namna ya kugeuza kichwa kabla ya kujibamiza. Vilikuwa vya yule mwanamke wa kwenye filamu. Kisha Agnetha akalegea, akaanguka, akafumbua macho, akauliza yuko wapi, akaomba maji. Watu wote sebuleni walikuwa wakilia kwa furaha. Cleophace alikuwa ameona kwamba mkewe ameanguka penye mkeka na kukiepuka kigoda. Mtu anayeanguka kweli hachagui. Na alipolia aliugeuza uso upande wa dirisha, kwenye mwanga, ili kila mtu aone machozi.

Tangu hapo nyumba ilitulia. Agnetha alipika, aliimba, aliamkia wazee kwa heshima. Ainebyona aliporudi likizo kutoka shule ya bweni alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, kisha akamwambia baba yake kwa furaha kwamba mama amepona kabisa. Cleophace alitoka nje, akajifanya anafunga mbuzi. Alijaribu kumwambia Mchungaji. Mchungaji alimsikiliza kwa upole, akamshauri aachane na zile filamu na amshukuru Mungu kwa alichomtendea. Alizifuta zote. Alijitoa kwenye kundi. Televisheni aliipeleka kwa Leonadi, akamwambia asimrudishie.

Ainebyona alipokwisha kurudi shuleni, Cleophace hakuweza tena. Walikuwa wanakunywa uji, jua linazama. Alisema kwa sauti ndogo, "Wewe si Agnetha."

Yule mwanamke aliweka kikombe chini. Uso ukatulia kama maji ya ndoo. "Nimekosea wapi?" aliuliza.

Cleophace alisogea nyuma. Aliuliza mke wake yuko wapi.

"Yumo humu. Amechoka." Alisema bila kuvuta pumzi, hakuhangaika tena kuificha. "Wewe una jicho. Wale wengine wanapiga makofi tu. Niambie nilipokosea, nimwulize, nirekebishe."

Cleophace alilia mpaka uji ukapoa. Kisha wazo likamjia. Alisema, "Agnetha hawezi kunywa uji wa moto. Huwa anaungoja upoe." Ulikuwa uongo. Yule mwanamke aliinamisha kichwa, kama mtu aliyeweka sikio ukutani kusikiliza chumba cha pili, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akainua kichwa. "Anasema unadanganya," alisema. "Anasema siku ya posa alikunywa wa moto mbele ya wajomba zako, uji huo ukamwunguza ulimi, na wewe peke yako ndiye uliyemwona akitoa machozi."

Hakuna mtu mwingine aliyelijua hilo. Cleophace alipiga magoti pale sakafuni. Yumo. Yuko hai, anasikia, anajibu.

Kuanzia hapo hakuweza kuacha. Kila jioni alikuwa na swali, la kweli au la uongo, juu ya wimbo aliouimba akichuma kahawa, juu ya ugomvi wao wa mbuzi aliyeuzwa, juu ya maneno aliyosema mkewe siku Ainebyona alipozaliwa. Kila jioni kile kichwa kiliinama, kikasikiliza, na jibu likaja, na ndani ya jibu Cleophace alimsikia mke wake kama mtu anayesikia jina lake likiitwa toka mbali. Na kila kesho yake aliyekuwa mbele yake alicheka zaidi kama Agnetha, alikohoa kama Agnetha, alivuta kanga begani vilevile. Aliliona hilo. Yeye ndiye aliyekuwa na jicho. Aliliona na jioni akauliza tena.

Alikwenda Kyerwa, kwa mama mmoja mzee, Tukahirwa, aliyesemwa kwamba ametoa majini kwa watu walioshindikana. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamweleza kwa huruma kwamba kwa kila swali anamtoa mkewe mle ndani kijiko kwa kijiko na kumlisha yule mwingine. Dawa ilikuwa moja: kunyamaza. Asiulize, asisahihishe, asisifu. Kisipopata kula kitaondoka. Cleophace aliuliza ni baada ya muda gani. Mama akasema hajui, ila huko ndani Agnetha ataona ametupwa, na hilo ni lazima alivumilie.

Alirudi akanyamaza. Alikula kimya, alilala kimya chumba cha Ainebyona, alizungumza na mbuzi. Na kwa kweli yule mwanamke alianza kupungua. Mikono ilianza kusahau tena, harufu ya kahawa inayoungua ikawa kali mpaka ikamtoa machozi, na siku moja alimkuta ameshikilia mlango kama mtu aliyekosa nguvu. Cleophace alitoka akaenda nyuma ya nyumba, akacheka na kulia pamoja.

Kisha jioni moja yule mwanamke alimfuata uani, akasimama mbali kidogo. "Analia," alisema. "Anauliza amekukosea nini hata humsemeshi. Anasema huku kuna giza."

Cleophace aliziba masikio. Alikumbuka maneno ya Tukahirwa, akayasema moyoni, akayasema tena. Lakini alimwona Agnetha peke yake kwenye hilo giza, akidhani ameachwa, na moyo ukamshinda. Angeuliza moja tu, la mwisho, ili mkewe ajue kwamba bado anamngoja. Alichagua lile walilolificha hata kwa Mzee Kokugonza. Kabla ya Ainebyona kulikuwa na mimba iliyotoka, na usiku ule, wakiwa wawili tu, walimpa mtoto jina.

"Mwulize," alisema Cleophace, "yule wetu wa kwanza tulimwita..."

"Ainembabazi," alisema yule mwanamke.

Hakuwa ameinamisha kichwa. Hakuwa amesikiliza popote.

Cleophace alimtazama. Alitafuta kosa kwenye macho, kwenye mabega, kwenye pumzi iliyokuwa ikipanda na kushuka taratibu kama ya mtu yeyote. Hakuliona. Akamwuliza kwa nini hakumwuliza Agnetha kwanza.

Yule mwanamke alimsogelea, akampangusa machozi kwa upindo wa kanga.

"Nimwulize nani, Baba Ainebyona?"