Aliyeshika Ncha

Kamba ilikuwa imelowa, na mvua haikuwa imenyesha.

Fundi cherehani aliifungua kwenye nguzo ya kituo huku basi la shule likitokomea. Ilinuka kisima kilichofukiwa. Pale mtaani akina mama walipokezana zamu: watoto walishika mafundo ya kamba, mwenye zamu akashika ncha mpaka basi lifike, maana barabara ile haikuwa na huruma. Ncha haiachwi. Lakini asubuhi hiyo, zamu ikiwa yake, mteja alimjia juu pale kituoni kwa ajili ya gauni lake, naye akaifunga ncha nguzoni, akaenda kumalizia pindo.

Jirani yake, waliyemwita Redio kwa mdomo wake, alivuka barabara mbio, akamkumbatia.

"Shoga, nimekuona kwa mbali! Lori limepanda mpaka kituoni, ukawavuta wote kwa mkupuo! Mikono hiyo ya kushonea nguo au ya kung'olea mibuyu?"

Fundi alicheka. Hakukanusha.

Jioni binti yake alikataa kuogeshwa.

"Ataniogesha shangazi."

"Shangazi gani, mwanangu?"

"Aliyetuvuta. Yule mrefu, anachuruzika maji." Mtoto alishusha sauti. "Anasema umechukua shukrani yake. Na yeye atachukua."

"Atachukua nini?"

Mtoto alitazama nyuma ya mlango, akatabasamu.

Tangu siku ile, kiza kilipoanza kuingia, gurudumu la cherehani lilizunguka bila mguu kulikanyaga, na ile harufu ya kisima ikapanda kutoka sakafuni ikatambaa mpaka kitandani kwa mtoto, na kila fundi alipomshika mwanawe mkono aliukuta umelowa, baridi, kama mkono uliokwisha kushikwa na mwingine.

Akampelekea mganga ile kamba. Bibi yule aliinusa, akairudisha upesi.

"Huyu hataki ubani wala kuku. Anataka haki yake. Mrudishie mbele ya hao hao waliokusifu. Useme ulikuwa wapi."

"Bibi, watanionaje?"

"Chagua. Uso wako au mwanao."

Kesho yake alifika kituoni maneno yakiwa tayari mdomoni. Akina mama walikuwepo wote. Redio alipaza sauti: "Huyo anakuja, mama wa watoto wote!" Wakapiga makofi. Mmoja, ambaye hana mtoto mwingine ila yule wa fundo la mwisho, akamshika mikono yote miwili, analia.

Fundi alifumbua mdomo. Akawatazama machoni, mmoja mmoja. Uso ukamwaka.

"Jamani," akasema, "tumshukuru Mungu tu."

Wakasifu na unyenyekevu wake.

Basi likafika. Watoto wakaachia mafundo, wakapanda. Binti yake alimpita pasipo kumtazama, viatu vikiacha majimaji kwenye lami, mkono wake mmoja umenyooka juu, juu kabisa, kama mtoto aliyeshikwa na mtu mrefu.