Nimesikiliza Yote

Wewe unayesoma hapa, hujawahi kumwambia mtu "nimesikiliza" wakati hata nusu hukusikiliza?

Hadassa alilisema neno hilo akiwa kwenye mlango wa chumba chake cha kushonea, kule Bulengera, mtaa wa Butembo, pini bado ziko katikati ya meno. Simu ilikuwa ya Éliakim, kutoka Beni; yeye alimwita yaya, yaani kaka.

— Ile albamu, ulisikiliza?

— Nimesikiliza yote, yaya. Ni muzuri sana, aksanti.

— Yote? Mpaka mwisho?

— Mpaka mwisho.

Éliakim akasema ni sawa, akauliza habari za mama yake Hadassa, akauliza kama mvua imeanza Butembo, akamtakia baraka. Tangu siku hiyo hakupiga tena.

Huyu Éliakim alikuwa mpiga tromboni wa fanfare, bendi ya tarumbeta ya kanisa lao. Hadassa aliimba alto, na kwaya ilisimama nyuma ya fanfare, kwa hiyo miaka yote alikuwa akitazama shingo ya yule kijana. Aliona kola ya shati lake jeupe ilivyochakaa upande mmoja tu, upande wa tromboni. Siku moja alimwomba lile shati, akaifumua kola, akaigeuza, akaishona upya na kulipiga pasi. Ukiniuliza mapenzi yalianzia wapi, nitakuonyesha kola ile. Lakini hakuna aliyesema kitu. Waliongea juu ya nyimbo, juu ya uzi, juu ya barabara, na kila mmoja alimngoja mwenzake.

Éliakim alipopata kazi Beni ya kutengeneza bafle, zile spika kubwa za makanisani, alikuja kuaga. Alileta kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu imefungwa katika kitambaa, na ndani yake albamu ya jazi. Alieleza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kueleza kitu chochote. Alisema wapigaji wale ni watano, kila mmoja ni mkubwa kwake, ana orkestra yake na jina lake, lakini wameacha viti vyao wakakaa pamoja. Ni kama kuchukua mpigaji bora wa kila kanisa la Butembo, kuwaweka wote katika fanfare moja, na hakuna anayegombania mbele. Mmoja akisema, wengine wanashusha sauti wanamsikiliza. Alimwomba jambo moja tu: asikilize kwa mpango, wimbo kwa wimbo, mpaka wa mwisho.

Hadassa aliweka ile kadi katika simu siku hiyo hiyo. Sasa mujue vile mambo yako kwetu. Kijana akikupenda, anamtafuta mwanamuziki, na mwanamuziki anaita jina lako katikati ya wimbo. Tunaita libanga. Nadège, jirani yake anayeuza mafuta ya kupaka, mchumba wake alikwenda kuongea na mpiga gitaa mmoja wa Mangina, na kwenye sherehe jina la Nadège likaitwa mbele ya wakwe. Kwa hiyo Hadassa alitega sikio. Piano iliingia polepole. Ngoma hazikupigwa, zilifagiwa kwa burashi. Saksafoni ikaanza kulalamika, ikaacha, ikaanza tena.

— Unangoya nini mule? Nadège aliuliza.

— Jina yangu.

— Mule hamuna hata mutu mwenye anaimba. Hii ni muziki ya batu bakubwa banakunywa chai bila kusemeshana.

Hadassa alicheka, lakini moyoni alikuwa ameumia. Wimbo wa kwanza hakuna mtu, wa pili hakuna mtu. Katikati ya wa tatu akafunga simu. Akajiambia, huyu ananipenda kama dada tu, amenipa muziki kama vile mtu anavyokupa maembe yaliyobaki. Na alipoulizwa, akajibu kwa adabu. Kwetu, ukipewa zawadi, unasifu. Huwezi kusema haikukufikia.

Mwaka ukapita. Siku moja shangazi yake Éliakim, mama Agar wa Vulamba, akaingia na mzigo wa vitenge kichwani, vyote rangi moja ya kahawia na maua ya njano. Ni nguo za harusi, jamaa yote pagne moja, kitenge kimoja. Hadassa akaanza kumpima mabega huku akiuliza nani anaoa.

— Si ni Éliakim yetu! Anaoa Jokébed, binti ya muchungaji wa kule Beni. Miye nilizania ingekuwa weye. Lakini batoto ya sasa munakataaka batu bazuri.

Utepe wa kupimia ukamponyoka Hadassa.

— Nani alikataa, shangazi?

— Weye. Éliakim alituambia ulimukataa na heshima, hapana hata neno moya mubaya. Alisema tusikuchukie. Na sikukuchukia, si unaona nimekuletea kazi?

Hadassa alimaliza kupima, akaandika vipimo kwa chaki juu ya ubao, akamsindikiza mama Agar mpaka njiani. Alirudi akajiuliza ni lini aliulizwa hata akakataa. Alichambua kila simu, kila salamu ya kutoka kanisani. Hakuona kitu. Ilibaki ile albamu.

Asubuhi iliyofuata aliitafuta kadi katika kopo la vifungo. Aliwasha muziki, akaweka simu juu ya rafu, akaanza kushona mikono ya gauni. Mikono yake ilikuwa na kazi, kwa hiyo safari hii hakuwa na namna ya kufunga. Wa tatu ukapita. Wa nne, besi ikabaki peke yake inatembea kama mtu mnene anayetafuta mlango gizani, na wale wengine wote wakamngoja. Hadassa aliona aibu kidogo, kwa sababu sasa alielewa Éliakim alikuwa anaeleza nini. Nyimbo zikaendelea mpaka ule wa mwisho wa wale watano ukazima.

Baada yake kukaingia tromboni moja. Haikuwa ya wale watano. Nyuma yake ilisikika pikipiki ikipita, na jogoo. Halafu sauti anayoijua.

"Hadassa. Kama umefika hapa, umenisikiliza kweli. Kusema mbele yako naogopa. Niko nakuomba nitume bazee kwa baba yako. Kama ni ndiyo, uniambie. Kama ni hapana, usiseme kitu juu ya hii, utanijibu tu mambo ingine, na miye nitaelewa. Sitakusumbua."

Mashine iliendelea yenyewe, ikapita mshono, ikashona mkono wa gauni juu ya kifua cha gauni lenyewe. Hadassa alikaa akilifumua gauni lile uzi kwa uzi, na machozi yanadondoka juu ya maua ya njano.

Nguo zote zilipokwisha, aliandika ujumbe, akafuta. Akaandika mwingine: "Yaya, nguo zimekwisha. Ninazileta mwenyewe."

Jibu likaja: "Karibu."

Beni, nyumbani kwa Éliakim, alipokelewa na Jokébed mwenyewe, msichana mpole, akamshika mikono miwili, akamletea chai na mandazi, akamsifu kazi yake. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na kiburi. Mama Agar, aliyekuwa ametangulia, aliwaingiza wanawake wote ndani kujaribu nguo, na Hadassa akamkuta Éliakim nyuma ya nyumba, amepiga magoti mbele ya bafle iliyofunguliwa.

— Yaya, nilikudanganya. Nilisikiliza nyimbo tatu tu. Na hata wa tatu sikuumaliza.

Éliakim aliweka bisibisi chini.

— Tatu?

— Nilikuwa natafuta jina yangu. Nikaona hamuna mwenye anaimba.

— Jina yako ilikuwa mule.

— Nimeisikia juzi juzi.

Éliakim alikaa chini kabisa, udongoni, na suruali yake ya pasi. Akasema alingoja mpaka mahindi yakavunwa, kila simu ikilia anafikiri ni yeye. Akasema na yeye alikosea, angeuliza mara ya pili.

— Juu ya nini hukuniambia mu macho?

— Mu tromboni siogopaka. Mu macho, naogopa.

Ndani walikuwa wanacheka, mtu ana nguo inayombana. Éliakim alitazama mlango.

— Jokébed hana kosa. Mbuzi za mahari zilishafika kwao. Matangazo yalishasomwa kanisani.

— Najua. Amenipa chai. Sikukuya kuharibu.

— Sasa umekuya kufanya nini, Hadassa?

Njiani alikuwa amejifunza jibu moja zuri, la kuwatakia wote wawili baraka na watoto. Lilikuwa jibu la adabu. Alilitafuta, akaliacha.

— Nimekuya kukujibu. Ni ndiyo, Éliakim. Nilitaka kuwa bibi yako.