Jina la Papa Mwisho wa Mbio

Kila alasiri, akishatoka shuleni na kuosha vyombo, Kasoki aliingia sebuleni kuangalia kama umeme wa bwawa la mto Tshopo umefika. Taa ikiwaka, alikaa mbele ya kompyuta ya baba yake, akafunua kitambaa kwenye kioo na kubonyeza kitufe. Miaka ile ya vita umeme ulikuja kama mgeni mwenye haraka, nao watu wa Kisangani walijifunza kutoupoteza.

Baba yake, Papa Télesphore, alikuwa mfanyabiashara. Alikwenda Kinshasa kununua bidhaa, vita vikafunga mto nyuma yake, na boti hazikupanda tena. Mama Olga alimngoja kwa namna yake. Alifuma kitambaa cheupe chenye maua, kikubwa cha kufunika kompyuta yote hadi mgongoni, kama majirani walivyofunika redio na televisheni zao. Kila Jumamosi alikifua na kukitia wanga.

"Papa yako akirudi," alisema, "atakuta ordinateur yake hata vumbi haikuigusa."

Kasoki alicheza mbio za magari. Mbio zikiisha, kioo kilionyesha majina ya washindi, na la kwanza lilikuwa TÉLESPHORE, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuvunja rekodi yake. Kasoki alimkumbuka sana baba yake. Kuliona jina lile kulimtosha kwa siku nzima.

Lakini sasa kompyuta ilianza kuzimika yenyewe. Gari likikaribia mwisho, feni ililia kwa nguvu, kisha kioo kikawa cheusi kabla ya majina kutokea. Kasoki aligusa sanduku la kompyuta chini ya kitambaa. Lilikuwa la moto kama sufuria. Akatazama juu. Taa ilikuwa bado inawaka.

"Kasoki! Ni nini tena?" Mama aliita kutoka jikoni, alikokuwa akitwanga ndizi za lituma.

Kasoki aliogopa. Mama akijua kwamba mchezo unachemsha kompyuta, angeukataza kabisa, na jina la Papa asingeliona tena.

"Ni courant, mama!" Kasoki alisingizia umeme. "Pasi ya Papa Amuri inavuta courant yote."

Papa Amuri, fundi cherehani wa nyumba ya pili, alikuwa ameunganisha waya wake kwao. Mama Olga si mtu wa kungoja kesho. Alikwenda palepale kumwambia autoe, na mzee hakubishana. Siku iliyofuata Kasoki alimkuta akipulizia pasi ya makaa, machozi yakimtoka kwa moshi.

"Jambo, mutoto yangu," alimsalimia vilevile. Mchana huo Kasoki hakuweza kumaliza chakula chake.

Jumapili, baada ya misa, Tonton Constant, mdogo wake Papa, alifika kwa toleka, baiskeli ya abiria. Alikuwa akifundisha kompyuta mjini. Mama alipomsimulia jinsi kompyuta ilivyokuwa ikizimika, alimwambia Kasoki acheze, naye akatazama. Kabla ya mwisho wa mbio, kioo kikawa cheusi.

"Lakini Amuri alishatoa waya yake!" Mama alishangaa.

Kasoki akaangua kilio. "Papa Amuri hana kosa, mama. Nilidanganya. Taa ilikuwa inawaka. Ordinateur iko na moto sana, nikaogopa utakataza mchezo. Na jina ya Papa iko kule mwisho."

Mama hakuwa na habari ya jina. Alitua chini ndoo ya maji aliyokuwa ameishika.

Tonton alichomoa waya, akangoja sanduku lipoe, kisha akalifungua. Feni ilikuwa imejaa vumbi, na nyuma, kitambaa kilikuwa kimeziba matundu yote ya hewa.

"Shemeji," alisema, "hapa kuna processeur, ndiyo akili ya mashine. Mutu akiandika, inatembea. Akicheza, inakimbia na kupata moto. Alors, mwenye kukimbia, weye umemuvalisha koti!"

"Kumbe ni mimi nilikuwa naiua?"

"Kwa mapendo, shemeji," Tonton akacheka.

Alisafisha feni kwa mswaki mkavu na kulisogeza sanduku mbali na ukuta. Kasoki hakungoja. Alikimbia kwa Papa Amuri, akamwomba radhi kwa kinywa chake na kumwambia arudishe waya.

"Bon," mzee alisema, akipangusa macho, "hii makaa ilitaka kunimaliza."

Jioni Kasoki alicheza bila kitambaa. Alikuwa akimshinda baba yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Karibu na mstari wa mwisho akapunguza mwendo. Tonton aliona, akatazama pembeni. Majina yakatokea, na la kwanza lilikuwa lilelile.

Mama Olga alilisoma kwa sauti, akaligusa kwa kidole. Kisha akakikunja kitambaa chake na kumvuta bintiye karibu.

"Nitafunika ikishazimwa na kupoa. Na weye, ukiona moto tena, unaniambia siku ileile. Hata kama ni mimi nimeuwasha."