Mgomba Tuliouzika Kileleshwa

Mimi sipendi watu wanaoniambia, "Pole, hiyo ilikuwa ndoto." Ndoto gani ya saa nane mchana, jua likiwaka?

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa 2006. Kikundi chetu cha ngoma kutoka Kangemi kilialikwa siku ya utamaduni katika nyumba moja ya kale ya mawe kule Kileleshwa, iliyogeuzwa makumbusho. Wageni walijaa, watoto wa shule nao, na chapati za bure. Mimi ndiye nilikuwa mwimbishaji. Ndugu yangu Shem, kitinda mimba wetu, alipiga ngoma.

Wageni walitaka kuona mazishi ya mgomba. Kwetu Magharibi mwa Kenya, mtu akipotea na mwili usipatikane, watu hukata shina la mgomba, wakalililia kwa jina lake na kulizika mahali pake. Mzee Sifuna, mkubwa wa kikundi, alikuwa na sharti moja tu: tumlilie mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Alinipa jina la kubuni, nikalikariri njia nzima.

Basi tukalifukia lile shina nyuma ya nyumba, kamera zikimulika, nami nikafika mahali pa jina. Likanitoka. Kichwa kitupu! Shem alikuwa mbele yangu akinichekea, na mdomo wangu, huu huu, ukaimba, "Shem, mwana wa mama, lala."

Ngoma zikanyamaza. Mzee Sifuna akaninong'oneza, "Lornah, umefanya nini?"

Wageni wakapiga makofi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Shem akinitania. "Dada, umeniua hata kabla sijaoa!" Nikamwambia akome. Karibu na soko tukampita rafiki yake, Zadock, anayeuza nyanya. Zadock akanisalimia mimi. Shem akamwita mara mbili, Zadock akaendelea kupanga nyanya zake. Nikasema ni mzaha. Shem hakucheka tena.

Nilipofungua mlango, Mama alikuwa akimimina chai. "Mbona umechelewa? Mwenzako amefika kitambo."

Mezani alikuwa ameketi Shem. Shati lile lile. Akainua kikombe. "Karibu, dada."

Mkono wa ndugu yangu ulikuwa ndani ya wangu. "Mama," akaita pale mlangoni. "Mama, niangalie." Mama akanivuta ndani, akafunga mlango. Shem akabaki nje. Nilipiga kelele, nikaeleza yote, na Mama akanishika paji la uso, akasema nina homa.

Jumapili asubuhi tulirudi kuchimba, mimi na Mzee Sifuna. Shem alitufuata. Sikumwona vizuri, nilisikia viatu vyake tu. Tulichimba mpaka jembe likagonga mwamba. Shina halikuwepo.

Mzee Sifuna akavua kofia. "Tulichozika kimetoka, mwanangu. Hiki mimi sikiwezi."

"Dada," nikasikia nyuma yangu, kwa sauti ndogo. "Usichoke kunitafuta."

Nikageuka. Nyasi tupu.

Ni miaka mitatu sasa. Yule wa nyumbani ni mpole, anaenda kanisani, Mama hamalizi kumsifu. Mimi ndiye ninayefua shuka zake, nazo zina madoa ya utomvu yasiyotoka hata kwa jiki. Nimeleta wachungaji wawili. Wamekula naye chakula, kisha wakaniombea mimi. Nifanye nini zaidi? Nani ataniamini?

Na kila asubuhi kuna alama ya kiganja kwenye kioo cha dirisha, upande wa nje. Mama huchukua kitambaa akilaani watoto wa wapangaji wenzetu wa ploti. Nikimsihi, "Aki Mama, usiipanguse," ananitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Kisha anaipangusa.