Fundi Kishindo na Mlio wa Kiti cha Nyuma

Kama hujawahi kumsikia Fundi Kishindo, basi masikio yako umeyabeba kama pambo tu. Huyu ni shemeji yangu, kamuoa dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo haya sijayaokota barabarani. Hakuna mtu chini ya jua hili anayefunga redio ya gari kama yeye. Kuna siku alifunga spika kwenye pikapu, mwenyewe akafungulia besi, vikombe vikacheza kabatini mtaa wa nne kutoka pale, na kuku wa jirani akataga yai kabla halijaiva. Mnabisha? Yai nimelishika kwa mkono huu.

Basi alasiri moja, jua limetulia, Kishindo yuko uani kwake anakofanyia kazi, mdogo wake akaingia na teksi. Gari lenyewe alilinunua kwa mtu, hana nalo muda mrefu. Jamaa kashuka macho mekundu, mashavu yameingia ndani.

"Shikamoo kaka. Nifungie amplifaya. Kubwa kuliko zote ulizonazo."

"Marahaba. Wewe na uzee huo? Abiria watakukimbia."

"Wakimbie. Nataka nisisikie kitu kingine humo ndani."

Kishindo akacheka mpaka akashika kiuno. "Kitu gani? Mkeo anapiga simu sana?"

Mdogo wake hakucheka. Alikuwa anaangalia kiti cha nyuma.

Kishindo akaanza kazi. Waya mwekundu akautoa kwenye betri, akaweka fyuzi palepale karibu, maana waya ukigusa bati bila fyuzi, gari linageuka jiko. Akaupitisha chini ya kapeti mpaka kwenye buti. Nyaya za sauti akazipitisha upande huohuo. Mwisho ule waya mweusi, wa ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, akaubana kwenye bati kwa bolti. Aliona tu kwamba gari limelala nyuma, upande mmoja. Akasema springi zimechoka.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye mambo. Mafundi wengine wakimaliza wanaweka muziki, wanatingisha vichwa, basi. Kishindo haweki muziki. Anafungulia sauti mpaka mwisho bila wimbo wowote, anainama, anasikiliza ukimya. Kazi yake ikiwa safi, unasikia sisimizi anapiga miayo. Spika ikitoa mluzi hata kidogo, kuna waya umekaa vibaya, na yeye gari lenye mluzi halitoki uani kwake.

Akafungulia. Akainama.

Hakukuwa kimya. Ilikuwa hewa. Inaingia, inatoka.

"Ethi hiyo," akasema. "Bati lina rangi."

"Kaka, weka muziki. Liache hivyohivyo."

"Mimi? Nitoe gari linakoroma? Mjini nitaishije?"

Akafungua bolti, akachukua msasa, akasugua bati mpaka likang'aa kama jino la dhahabu. Akakaza. Akafungulia tena.

Hewa imekwisha. Sasa ni maneno. Kama mtu anaongea na mkono mdomoni.

Mdogo wake akamshika mkono. Vidole vya baridi.

"Ndiyo hiyo," akanong'ona. "Kila nikiendesha, iko nyuma yangu. Siielewi inachosema. Juzi nimegeuka kuangalia, gari likapanda kando ya barabara, kidogo nimgonge mama wa watu. Itaniua, kaka, au nitaua mtu. Mimi nilitaka uifunike. Usiisafishe."

Mtu mwenye akili timamu angechomoa fyuzi hapo, akaenda kuoga. Lakini shemeji yangu ninamjua. Spika ilikuwa inamdharau mbele ya ndugu yake. Akakumbuka nyaya za sauti zimelala ubavuni mwa waya wa betri. Akang'oa kapeti. Akazihamishia upande wa pili. Jasho linamtiririka. Akafungulia sauti mpaka mwisho.

Safi. Hakuna mluzi. Hakuna hewa.

"Dereva."

Sauti ya mwanaume. Ya upole. Imechoka.

"Dereva, nimefika. Nishushe."



"Nakuomba, dereva. Nishushe hapa."

Kishindo akaruka kwenye betri, akachomoa fyuzi. Taa ya amplifaya ikazima.

"Dereva," spika zikasema.

Mdogo wake akageuka, uso umebadilika. "Kumbe ni hilo tu alilokuwa anataka."

"Usifungue," Kishindo akanong'ona. "Mdogo wangu, usifungue hapa."

Mdogo wake akafungua mlango wa nyuma.

"Haya, mzee. Shuka."

Gari likainuka. Polepole, ule upande uliolala. Springi zikalia, kama zinavyolia akishuka mtu mzito. Likakaa sawa.

Spika kimya. Kimya chenyewe, kile cha sisimizi.

Mdogo wake akakaa chini, analia na kucheka pamoja. "Kashuka, kaka! Kashuka!"

Kishindo akafuta jasho. Hata akaanza kutabasamu. Ndipo wote wawili wakaisikia sauti ya dada yangu kutoka ndani ya nyumba.

"Karibu! Pita, pita ndani!"

Kishindo alikimbia mpaka kiatu kikabaki uani. Akamkuta mkewe jikoni anasuuza glasi, mgongo mlangoni.

"Nani? Umemkaribisha nani?"

"Si mgeni wenu? Kapiga hodi kwa adabu zake. Kasema katoka kwenye gari, kachoka kukaa vibaya. Nimemwambia akae sebuleni, nampelekea maji. Na wewe unamwacha mgeni aingie peke yake, ndiyo nini?"

Sebuleni hapakuwa na mtu.

Teksi inatembea vizuri mpaka leo, na mwenyewe amenenepa. Ila pale kwa shemeji kuna kochi moja, la karibu na mlango, limebonyea katikati. Wamelianika juani. Wamebadilisha sponji. Linabonyea. Watu wakiingia wanakaa kwingine, hakuna anayewaambia.

Mimi simba akinguruma namwambia apunguze sauti. Nikaenda, nikaweka kiganja katikati ya lile bonde.

Lina joto.

Na likajisogeza kidogo, kama mtu anayekupisha ukae.